Nguruwe wa Ubugabire

Kidahwe, Jumamosi, 7 Juni 1997

Leo nimekuwa mfugaji! Watoto wawili wa nguruwe, wameachishwa kunyonya juzi tu, wamefika kwenye tenga nyuma ya baiskeli yangu wakipiga kelele njia nzima. Barabara yote ya Kasulu imejua. Nimewachagua wanene kuliko wote bandani kwa jirani yangu Telesphory. Alitaka kuwageuza niwaone vizuri. Nikamwambia jicho langu linatosha. Tena nimemzidi akili: nimembana mpaka akaniongezea wa tatu bure, kitinda mimba, mbavu nje, anatetemeka. Mpango ni kwamba hawa wanene wazaane, wazae tena, na watu waanze kuniita Mzee Castory. Mke wangu Honorata ameuliza jike ni yupi. Nimemwomba maji ya kuoga.

Jumapili, 8 Juni

Yule wa nyongeza, kondefu, hali chakula. Atakufa, nami nitachekwa. Wakati wa mahubiri nimepata wazo. Mungu anisamehe, sikumbuki somo lilihusu nini.

Wazo: ubugabire! Wazee wetu Waha walifanya hivyo, na Warundi vilevile. Mwenye ng'ombe anamgabia mwenzake ng'ombe mmoja. Mpokeaji anamtunza, anakuwa mtu wako, anakuletea pombe, anakusaidia kazi, na uzao wa kwanza mnagawana. Mimi sina ng'ombe. Nina kondefu. Na pembeni ya shamba langu anakaa Sindayigaya, mkimbizi wa kutoka Burundi, na mkewe Spesiosa. Mwaka wa nne sasa. Mikono yake ni ya kazi, na mimi sina banda.

Honorata amesema tangu dunia iumbwe hakuna aliyegabia nguruwe. Nimemwambia kila jambo lina mwanzo wake.

Jumatano, 11 Juni

Nimegabia. Nilivaa koti la harusi. Sindayigaya alipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti, akaniita shebuja. Shebuja! Bwana wangu! Sijawahi kuitwa hivyo hata na mbwa. Alimgeuza yule mnyama, akamtazama, akataka kusema neno. Nikamnyamazisha. Kwa desturi mpokeaji anashukuru tu, hajadili zawadi. Akainamisha kichwa, akashukuru.

Kesho anaanza kunijengea banda.

Jumatano, 25 Juni

Aibu. Honorata ameingia bandani kusafisha, akatoka akicheka hadi akakaa chini. Wanene wangu wote ni madume. Tena wamehasiwa! Alama ya wembe inaonekana wazi, yeyote anayeinua mkia anaiona. Nimekwenda kwa Telesphory nikiwaka moto. Amesema kwa upole kwamba hao ni wa nyama, ndiyo maana wamenenepa, na kwamba jike alikuwa mmoja tu. Yule wa nyongeza.

Nimemuuliza Sindayigaya kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba alitaka kusema, lakini shebuja alimwamuru anyamaze.

Jumanne, 29 Julai

Kilichogabiwa hakirudishwi mpaka mpokeaji akosee. Basi nimekwenda kwa Sindayigaya kutafuta kosa. Uchafu, njaa, kamba iliyokaza, chochote.

Hakuna! Banda walilomjengea lina sakafu ya miti iliyoinuliwa, kavu kuliko jiko letu. Spesiosa anampikia majani ya viazi na kumchanganyia machicha ya pombe. Mbavu hazionekani tena. Wamempa jina, Mahoro, yaani amani. Spesiosa amenieleza kwamba kwao waliacha kila kitu katika asubuhi moja, na huyu ndiye kitu cha kwanza chenye uhai walichopata tangu siku ile. Alisema huku akinipakulia ugali. Nilikula sahani mbili. Nimerudi nyumbani na shibe, bila kosa.

Jumamosi, 20 Septemba

Tangazo limesomwa. Wakimbizi wote wanaokaa vijijini waende kambini. Lori linakuja Alhamisi.

Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma daftari hili. Jambo la kwanza nililowaza halikuwa Sindayigaya. Niliwaza kwamba Mahoro anarudi kwangu bila kosa na bila ugomvi. Nilifurahi kabisa, labda kwa muda wa kufunga kamba za viatu. Kisha nikaliona banda alilonijengea, nikaona vibaya sana.

Jumatano, 24 Septemba

Walikuja wote wawili, na Mahoro mbele. Mkubwa, mweupe, ameogeshwa. Walibeba na pombe ya ndizi, kama desturi inavyotaka. Mtu anayefukuzwa kijijini analeta pombe! Sindayigaya alisema hanirudishii, anamweka kwangu tu. Siku mambo yakitulia atakuja kuchukua fungu lake la uzao wa kwanza, na asipokuja yeye, atakuja mtoto wake, kama Mungu atawajalia. Akanieleza kwamba Mahoro hapendi maji baridi. Spesiosa alimkuna Mahoro nyuma ya sikio, akaondoka bila kugeuka.

Nimelia. Honorata ameniona, hakucheka. Nimeapa mbele yake kwamba Mahoro hatoki hapa, na uzao wake wa kwanza nusu ni wao. Sijawahi kuapa kwa moyo mmoja namna hii.

Jumatano, 1 Oktoba

Mahoro hali vizuri. Nimempashia maji moto. Amelala akiangalia upande wa nyumba yao, ambayo mlango wake umeshang'olewa na watu. Namwelewa.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku njema! Telesphory amekuja baada ya misa. Amemtamani Mahoro kwa ajili ya dume lake. Nikamkatalia. Nina kiapo, mimi. Akasema atanipa wawili kwa mmoja, walioachishwa wiki hii. Nikafikiri sana, kama mtu mzima. Kiapo kilihusu fungu la Sindayigaya, na fungu la wawili ni kubwa kuliko fungu la mmoja. Kwa kweli ni yeye niliyemfikiria. Nikabadilishana. Nimechagua wanene kuliko wote. Telesphory alitaka kuwageuza niwaone, lakini jua lilikuwa kali.

Jioni dereva mmoja wa kutoka kambini ameniletea karatasi ya Sindayigaya. Wamepewa hema. Spesiosa ana mimba. Hawaombi kitu, wanauliza tu kama Mahoro hajambo.

Nimeisoma karatasi hiyo mara mbili. Kisha nimemjibu kwamba hajambo kabisa, na kwamba sasa amekuwa wawili.

Honorata hajasema nami tangu mchana. Sasa hivi ameniuliza neno moja tu, kama safari hii niliinua mikia. Nimemwambia wamelala, si vizuri kuwaamsha.