Nilivyokwenda Kutafuta Talaka ya Wazazi Wangu

Leo nimeaibishwa kwa maandishi, tena yenye muhuri wa mahakama. Nimerudi nyumbani, nimeoga, nimekunywa chai, na masikio bado yananiwaka moto. Nawasimulia mwenyewe humu kundini kabla hamjasikia kwa wengine, maana dereva wa bodaboda aliyenibeba ana simu na ana bando.

Wengi mnajua baba alitutoka mwaka jana. Shamba la mlimani halina neno, lile ni la ukoo wa mama tangu enzi. Kilichobaki ni nyumba ya Kihonda anayoishi mama. Tulipofungua mirathi, shangazi, dada yake baba, akasimama mbele ya hakimu akasema mama si mjane wa mtu, alishaachika zamani kwenye mahakama ya kijijini, na ukoo mzima unajua. Simlaumu, aliamini anachokisema. Hakimu akasema maneno ya mdomo hayamsaidii, tulete nakala ya shauri lenyewe.

Nikamuuliza mama. Mama yangu huyu ambaye hata usingizini anaongea, akasema tu, "Tulikwenda mahakamani, tukarudi," akaendelea kuchambua mchicha. Nilipomkazania akaingia ndani na ungo wake. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikajua talaka ipo, na nyumba imekwenda.

Basi leo alfajiri nikavaa gauni langu la wakaguzi (lile ninalovaa wakaguzi wakija shuleni, halina hata kifungo kimoja cha mzaha), nikapanda gari mpaka lami ilipoishia. Kutoka pale nikachukua bodaboda ya bwana mmoja mtu mzima anayeitwa Athumani. Njia nzima karafuu zimeanikwa kwenye maturubai, ukungu umelala bondeni, na Athumani anataka kujua naenda kwa nani. Nikamjibu kwa sauti ya ofisini kwamba ni masuala ya kifamilia. Akasema sawa mwalimu. Sikuwa nimemwambia kama mimi ni mwalimu.

Mahakama yenyewe siitaji kwa jina, humu kundini mna watu wa huko. Ina chumba cha hakimu, ukumbi, na chumba kidogo cha masijala kilichojaa majalada mpaka darini. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mlango wa masijala ulikuwa wazi ili mwanga uingie, na nje ya mlango kuna benchi refu. Watu kama kumi walikuwa wamekaa wakimsubiri hakimu. Kumbukeni hilo benchi.

Karani ni mzee aliyekaribia kustaafu, mpole, anasikia vizuri sikio moja tu, kwa hiyo huongea kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Nikampa shikamoo na barua yangu ya kurasa mbili, niliyoichapa kabisa: "YAH: KUOMBA NAKALA YA SHAURI LA NDOA." Akaisoma yote taratibu. Akaniambia barua ni nzuri sana, ila sijaandika mwaka, wala namba ya shauri, wala nani alimshtaki nani.

Nikamwambia mwaka siujui, najua tu nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Na aliyeshtaki ni baba, bila shaka. Akanitolea madaftari makubwa matatu, yana vumbi la kutosha kupanda mihogo, akaniambia nitafute jina la baba upande wa wadai.

Nimetafuta saa nzima. Nimewakuta wadai wa mbuzi, wadai wa mipaka, na bwana mmoja aliyedai mke wake kila mwaka kwa miaka minne. Baba hayupo. Karani akaniuliza kama nimeangalia na jina la mama. Nikamjibu (kwa kiburi, nakiri) kwamba mama yangu si mtu wa kupeleka watu mahakamani. Akalivuta daftari upande wake, akapitisha kidole, akakisimamisha. Mdai: mama. Mdaiwa: baba.

Akaingia nyuma ya rafu, akakaa huko muda wa kuchemsha maharage, akatoka na jalada jembamba lenye doa kubwa la manjano juu. Nikafungua ukurasa wa kwanza, sikuelewa hata neno moja. Hakimu wa enzi hizo aliandika kama kuku aliyekanyaga wino. Karani akasema usijali, mwandiko huu tumebaki wawili duniani tunaoujua. Akavaa miwani, akaanza kunisomea. Kwa ile sauti yake.

Benchi lote likageuza shingo. Athumani, ambaye nilimwacha kwenye pikipiki, nikamwona ameegemea mlango.

Ikasomwa kwamba baba aliuza cherehani ya mama, aliyopewa na mjomba wake, akanunua baiskeli ya kupelekea ndizi sokoni. Mama akarudi kwao, akafungua shauri. Na maneno yake hakimu aliyaandika kama alivyoyasema: "Nataka cherehani yangu au talaka, kitakachotangulia."

Kule nje watu wakaguna kwa heshima. Hata mimi nilijisikia fahari kidogo. Karani akafungua ukurasa wa pili, ule wenye doa, akausogeza kwenye mwanga.

"Mdai alipotakiwa kula kiapo," akasoma, "alimkabidhi mdaiwa mtoto wao wa kike, Zuhura, wa miezi minane. Mdaiwa hakujua kumshika. Mtoto alikojoa juu ya meza ya mahakama, akaharibu ukurasa huu, na kofia ya mzee wa baraza iliyokuwa mezani. Mahakama imeahirishwa nusu saa ili meza ikauke."

Mtu mmoja nje akapaliwa.

Karani akanitazama juu ya miwani, bila ubaya wowote, akauliza huyo Zuhura ni nani. Na hapo ndugu zangu, mimi mwalimu wa nidhamu, ninayewaambia watoto wa watu kila Jumatatu waseme kweli, nikamjibu kwamba ni dada yangu mkubwa, yuko Dodoma.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema basi kabla hatujaendelea niandikwe kwenye daftari la waliokagua majalada, nimpe kitambulisho. Nikampa. Sikufikiria. Akakisogeza kwenye mwanga, akasoma herufi moja moja kwa sauti ile ile wakati anaandika: "Zu-hu-ra."

Benchi lilipasuka. Yule aliyepaliwa alitoka nje kabisa. Athumani alikuwa amejishika kiuno, machozi yanamtoka, anajaribu kuniambia pole mwalimu na hawezi.

Palikuwa na bibi mmoja mwisho wa benchi, kanga yake safi, ambaye hakucheka. Akainuka, akaja mlangoni, akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba. Kwa kukosa la kufanya nikampa shikamoo.

"Marahaba," akasema. "Ile kofia niliifua mara tatu."

Kumbe mzee wa baraza alikuwa mumewe. Nikamwomba radhi. Nilimwomba radhi kweli, kwa mikono miwili, mtu mzima naelekea arobaini, naomba radhi kwa mkojo wa miezi minane. Akanipangusa bega, akasema mumewe alikuwa akikisimulia kisa kile kila sikukuu mpaka alipofariki, na hapo ndipo alipocheka, taratibu, ameshika mkono wangu.

Tulipotulia nikamwomba karani amalizie. Nilikuwa sina tena aibu ya kupoteza, nilitaka kujua kama nyumba imebaki. Akasoma: "Mahakama iliporejea, wadaawa hawakuonekana ukumbini. Karani alitumwa, akawakuta kwenye kijito nyuma ya mahakama, mdaiwa akifua nepi, mdai akimcheka. Mdai ameieleza mahakama kuwa hana tena madai. Mdaiwa ameahidi kurudisha cherehani. Shauri limeondolewa."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Hakuna talaka. Haikuwahi kutolewa. Mama ameishi na mumewe kihalali miaka yote ile, na kumzika kama mke. Nikalia pale pale masijala, na yule bibi akanipa ncha ya kanga yake.

Umeme uliporudi nikapata nakala, kurasa zote, na nyuma ya kila ukurasa karani ameuandika upya kwa mwandiko unaosomeka, akagonga muhuri. (Doa limetoka vizuri sana kwenye fotokopi. Niliuliza kama linaweza kupunguzwa. Karani akasema kumbukumbu ya mahakama haipunguzwi.) Kushuka mlima, Athumani alikuwa mpole sana. Ila alisimama mara mbili kusalimia watu, na kila mara wale watu walinitazama mimi.

Mama nilimkuta jikoni. Nikamwekea karatasi mezani, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema angeniambiaje, na mimi nimeshakuwa mwalimu, nina heshima zangu. Kisha akaichukua ile ya mwisho, akaisoma mwenyewe kwa kidole, akafika penye kijito. Akaiinamia karatasi. Nikadhani analia.

"Wala hakuifua vizuri," akasema. "Niliirudia nyumbani."

Basi nyumba ya mama ipo salama, alhamdulillahi, na mimi nina furaha, msinione hivi. Tatizo ni kesho. Nakala inapelekwa kwa hakimu wa mjini, na yeye naye husoma ushahidi wote kwa sauti, mbele ya shangazi na ukoo mzima wa baba. Kwa hiyo nawaomba, wenye kucheka mcheke leo hii mmalize, kesho mje na nyuso za msiba.