Ishara kwa Bi Kuruthumu

Jumatatu, 4 Agosti
Siku ya tatu ya fungate. Ummy, mke wangu (naandika tena: mke wangu), anajisomea kitandani, ana mtihani wa maabara. Tumefungiwa chumbani kwao, Kariakoo. Mlangoni kakaa somo yake aliyemfunda, Bi Kuruthumu. Hatutoki mpaka siku saba ziishe. Na Alhamisi wanabomoa kibanda cha juisi ya miwa cha Elimringi! Pale ndipo Ummy alipomwagia juisi shati langu jipya, miaka mitatu nyuma. Sijalifua hadi leo. Lazima tukanywe glasi ya mwisho.

Jumanne, 5 Agosti
Ummy kanisomea habari za uvimbe wa ubongo. Seli za kinga zikija kuushambulia, unazipa ishara: tulieni, mimi wa nyumbani. Zinashusha silaha. Nyingine zinageuka, zinausaidia kukua. Akasema inamtisha, ndiyo maana watafiti wanatafuta dawa ya kuzuia ishara hizo. Sauti yake tamu. Mimi nilikuwa nautazama mlango.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeanza kumtumia Bi Kuruthumu ishara. Shikamoo kila akikohoa. Nimemkunia nazi, nimemkanda miguu, nimemwomba anisimulie fungate yake ya mwaka sabini na nane. Marehemu mumewe alimmenyea machungwa siku zote saba. Akalia. Nikalia zaidi. Akasema, "Mudi, wewe si mkwe tena, wewe wa tumbo langu." Kesho asubuhi anatutoa mwenyewe. Silaha chini.

Alhamisi, 7 Agosti
Mlango wazi tangu alfajiri. Ila mtoto wa tumbo lake hatoki na njaa: chapati, mbaazi, bokoboko, kisha chapati tena. Halafu Ummy afukizwe udi. Tumefika saa saba. Kifusi. Elimringi anafunga mashine yake kwenye guta, anahamia Buguruni. Ummy kanishika mkono, tukasimama pale benchi lilipokuwa. Bi Kuruthumu kauliza tulifuata nini. Nikamweleza. Akasema, "Mbona hukusema, baba? Ningewatoa Jumatatu hiyo hiyo."

Ijumaa, 8 Agosti
Bi Kuruthumu kanipenda mno. Kaongeza fungate iwe siku kumi na nne, na kahamishia godoro lake chumbani kwetu. Ummy anasema nimwambie tu ukweli. Mpenzi wangu hajui mambo ya ishara. Nilizituma chache. Nimeagiza hina, leo nampaka Bi Kuruthumu nyayo zote mbili.