Waraka wa Madokezo Yatima

Mbele ya watumishi wote nilitangaza rasmi kwamba, kuanzia siku hiyo, hakuna atakayejua jambo peke yake. Kila mtumishi angeandika dokezo la kazi yake, na kila dokezo lingeunganishwa na mengine, ili Idara iwe na akili moja nami niwe naikagua mezani kwangu. Walipiga makofi, kwa kuwa niliwaagiza.

Wazo hili nililibuni mwenyewe baada ya kuliona kwenye kompyuta ya karani wa masjala, mama tunayemwita Shangazi. Anaandika maandishi matupu, bila picha wala rangi. Ndani ya dokezo anataja dokezo jingine. Ukilibonyeza, unafika huko. Siku bomba la choo lilipopasuka alifungua "bomba", akaenda "fundi", akaenda "funguo za stoo", na kabla sijamaliza kuunda kamati maji yakawa yamezibwa. Niliudhika sana. Wajumbe saba walikosa cha kujadili.

Ilibidi mtumishi mmoja apunguzwe, na nilikuwa nimeshamchagua Shangazi. Nikatoa waraka: dokezo lisilounganishwa na lolote ni yatima, na mwenye dokezo yatima ni mtumishi hewa, aondolewe bila rufaa. Niliamini mtu anayeshinda chumba cha chini na makabati hana wa kuungana naye.

Alipanda ngazi kunisihi.

"Mkurugenzi, nina wajukuu wawili nawasomesha. Nikitoka hapa tumekwisha."

"Sheria ni msumeno, mama."

"Haya, baba. Nimekusikia."

Mkaguzi akaja kutoka wizarani kutafuta yatima, akaketi kwenye kompyuta ya masjala, tukasimama nyuma yake. Mfagiaji: madokezo sitini na moja yanamtaja. Dereva: arobaini. Shangazi: elfu moja na mia mbili. Mkaguzi alikuna kichwa, akafungua langu.

Nililiandika mwenyewe, kurasa nne, shahada zote zimo.

"Refu," alisema. "Lakini halitaji kazi yoyote, na hakuna kazi inayolitaja."

"Hata kiyoyozi cha ofisini kwangu?"

"Kiyoyozi kimeunganishwa na fundi wake."

Shangazi alinihurumia, na huruma yake iliniuma kuliko matusi. "Subiri kidogo, mkaguzi. Nimtafutie pa kumuunganisha." Akatafuta, akatafuta. Dereva akaenda kunywa chai, akarudi.

"Sijapata, baba," alisema kwa sauti ndogo. "Nimejaribu hadi kwenye likizo. Hata fomu za likizo alikujazia katibu muhtasi."

"Nakata rufaa!" nilisema.

"Waraka unasema bila rufaa," mkaguzi alijibu.

"Waraka ni wangu! Nimeutoa mimi!"

Akabonyeza mara moja, akasoma, akanitazama juu ya miwani.

"Hapana, mzee. Waraka umeunganishwa na Shangazi. Ndiye aliyeuchapa, akaugawa, akawaeleza watu maana yake."