Foleni ya Daktari Maxime

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimepiga simu tena kwa Daktari Maxime. Ndiye anayepima watu wazima kama wana usonji, ule tunaouita otisme, na nadhani nusu ya Bujumbura inamngoja. Sekreteri wake, Amélie, akasema yaleyale: nitulie, wataniita zamu ikifika. Zamu inafika lini? Ikifika. Jibu la bure kabisa. Mimi nachora vibao vya maduka hapa Nyakabiga. Ningeandika "Tunafungua tukifungua", nani angenirudia?

Anayeumia na kungoja ni mke wangu, Carmen. Juzi nilimwambia dada yake, mbele ya wageni, kwamba wali wake haujaiva. Haukuwa umeiva. Carmen akasema anataka kujua jambo moja kabla hajachoka kabisa: ndivyo nilivyoumbwa, au namfanyia makusudi? Nimemwahidi jibu la kidaktari. Hapo sirudi nyuma.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda mwenyewe kwa daktari. Nilisimama karibu na dirisha la Amélie, nikajifanya nasoma bango la chanjo. (Limechorwa vibaya.) Nikasikia yote. Kaka yake anakwenda kuposa Kanyosha, Jumamosi ya wiki ijayo. Msafara wao una viti vitupu, wajomba wao wako Ulaya. Na daktari amealikwa!

Nikajitolea kuwa mjomba. Nina suti, sinywi, najua kukaa wima. Daktari atanitazama kwa karibu, atashangaa, atanitoa kwenye foleni kwa mkono wake mwenyewe. Hili la mwisho sikulisema.

Amélie aliweka kalamu chini. Akauliza kama akinipa kiti nitaacha kumpigia simu. Nikakubali. "Basi uje na madamu, muzee Népo," akasema. "Lakini we kinywa usifungue." Masharti mepesi.

Jumamosi, 15 Juni
Ushindi, kwa sehemu kubwa.

Tumefika, tumeketi, tumepewa vinywaji. Msemaji wetu alikuwa mzee Térence, mtu anayealikwa kila posa kwa sababu ya ulimi wake. Akasimama. Akasema tumepita tu kusalimia, tulikuwa tunatafuta malisho ya ng'ombe wetu. Nikashtuka. Tumekuja kwa teksi. Nikanyamaza, ahadi ni ahadi.

Msemaji wa upande wa binti akajibu kwamba wageni wanakaribishwa, ila kama kuna jambo jingine tumepotea njia, nyumba hii haina binti, wamezaa wavulana tu.

Nikaona posa inakufa mbele ya macho yangu. Térence anatabasamu, kaka yake Amélie anatabasamu, hakuna anayemtetea bwana harusi. Nikasimama. Nikawaambia kwa heshima zote kwamba binti yuko, nimemwona dirishani, amevaa vazi la sherehe, imvutano ya kijani, na amepanga nywele. Nikaongeza kwamba ng'ombe pia hakuna, wasije wakawasubiri.

Binti akacheka huko ndani, kwa sauti, na ua zima likamfuata. Baba yake alifuta machozi. Térence akaomba radhi, akasema mjomba wetu huyu ana haraka kuliko bwana harusi. Amélie alijifunika uso. Posa imekubaliwa, shukrani kwangu.

Daktari? Alicheka na wengine. Nilimfuata kwenye vinywaji, nikamuuliza kama ameona. Akasema ameona, na nimefanya vizuri kujiandikisha, tutaonana zamu yangu ikifika.

Jumapili, 16 Juni
Carmen alingoja misa iishe. Kisha akasema jana alikuwa ananitazama usoni wakati ninasimama. "Népo, we hukujua kama ni muchezo. Ulikuwa unawaokoa kweli." Kwa hiyo si makusudi, akasema, yeye ameshaona, na daktari akichelewa na achelewe. Akanishika mkono barabarani, kitu ambacho hajafanya tangu mvua zilipoanza.

Nikamweleza kwamba macho yake si ya daktari na jibu hilo haliwezi kuhesabika. Akauachia mkono. Baadaye akaushika tena, sijui kwa nini.

Alhamisi, 20 Juni
Amélie amepiga mwenyewe! Zamu yangu ni Septemba. Nikamshukuru kwa kunisogeza mbele. Akasema hakuna aliyenisogeza, ilikuwa Septemba tangu mwanzo. Unyenyekevu wake unanifurahisha. Carmen naye anasema ningeipata hata kama ningelala kitandani. Watu hawaelewi juhudi.

Ila kuna sharti. Nije na mtu aliyenijua utotoni, aeleze nilivyokuwa. Nimekwenda Cibitoke kwa shangazi Jovithe, aliyenilea. Anakumbuka vibaya sana. Ati nilikuwa mtoto mtulivu, napanga vizibo vya chupa kwa rangi kutwa nzima, sisumbui mtu. Nani atampa nafasi mtoto mtulivu? Nikamletea kumbukumbu nzito zaidi, nimezitunga kwa uangalifu. Amezikataa. Amesema atamwambia daktari alichokiona, basi, na nisipopenda nitoke kwake.

Sikubishana. Nimepita kwa mzee Térence, amekubali kuja kunisemea kwa daktari. Hakunijua utotoni, lakini hilo ni dogo. Ataanza kwa kusema tulikuwa tunapita tu, tukasikia kiu.

Safari hii nimeelewa jinsi mambo yanavyofanyika.