Nimejifunza Besiboli kwa Ajili ya Baba

Jumapili, 30 Oktoba 2016

Rashidiya, huku Uarabuni anakofanya kazi Baba. Siku ya kumi na tatu ya viza yangu ya siku thelathini. Leo Baba amenisemesha mara mbili: "Umekula?" na "Zima taa ya bafuni." Miaka minane hatujaonana, na ndiyo hayo!

Lakini Gerishom, mwenzake wa kazi anayekaa naye chumba kimoja, anaongeleshwa hadi chai inapoa. Besiboli tu. Wao ndio wanaosawazisha udongo na kuchora mistari ya chokaa kwenye uwanja wa watoto wa Wamarekani na Wajapani, na ugonjwa uliwaingia humo humo. Sasa ni fainali za Marekani, Chicago na Cleveland. Atakayetangulia kushinda mechi nne ndiye bingwa. Chicago hawajachukua kombe kwa miaka mia na nane. Gerishom, Mkenya wa Vihiga, anasema wakilichukua hakutakuwa na bingwa mkuu kuwashinda. Baba anasema ukuu ni kurudia. Kungoja, hata jiwe linaweza.

Hilo la jiwe limenichoma. Mpango: nitajifunza besiboli. Nitaingia kwenye ubishi. Baba atanigeukia.

Jumatatu, 31 Oktoba

Nimefanya mazoezi ya sentensi moja mbele ya kioo cha shangazi Emiliana, ninayelala chumbani kwake: "Baba, mimi naona anayengoja bila kukata tamaa ndiye bingwa." Jioni nikaitoa. Sauti ikatoka kama ya mbu. Baba akanisogezea kopo la sukari. Nilikuwa na vijiko vitatu tayari. Nikaongeza cha nne. Nikanywa chote.

Jumanne, 1 Novemba

Mpango wa pili: kuwapelekea chapati uwanjani. Nikakatiza juu ya chokaa mbichi! Nyayo zangu kila mahali. Gerishom akasema, "Marietha, wewe ndiye mkimbiaji wa kwanza duniani kuzunguka uwanja na chapati mkononi."

Baba hakucheka. Kocha alikuwa amewaambia kwamba msimu huu watoto waliojiandikisha ni nusu ya mwaka jana. Wakabishana. Gerishom anasema mchezo uko mzima, si auone umati wa Chicago! Baba anasema mchezo unaochukua saa nne utampata wapi mtoto mwenye simu? Na watoto wakiisha, nani atamhitaji msawazisha udongo?

Kisha akapiga magoti, akaanza kuchora upya. Nilitaka kumshikia kamba ya kunyooshea mistari. Nikaishia kukusanya chapati.

Alhamisi, 3 Novemba

Chicago na Cleveland wako tatu kwa tatu! Mechi ya mwisho imechezwa leo asubuhi ya huku, wao wakiwa kazini. Kocha atawapa rekodi yake kwenye flashi. Wameapa kutosikia matokeo mpaka kesho Ijumaa, siku ya mapumziko huku, baada ya misa. Gerishom anatembea na pamba masikioni.

Mimi sikuapa. Nimesoma yote kwenye simu ya shangazi. Kurasa nne za daftari! Kesho sitakuwa mbu.

Ijumaa, 4 Novemba

Sijui niandikeje.

Baba alinikalisha kando yake mbele ya kompyuta ya Gerishom. Saa tatu nzima ananieleza! Kwa nini huyu anakimbia, kwa nini yule amesimama, kwa nini mrushaji anatematema mate. Bega lake liligusa langu. Sikusogea hata mguu ulipokufa ganzi.

Chicago wakaongoza. Cleveland wakasawazisha, sita kwa sita. Mvua ikashuka, mchezo ukasimamishwa. Gerishom akaanza kusali kwa Kiluhya. Baba akanigeukia: "Mama, wewe unaonaje?"

Mimi! Ananiuliza mimi!

Nikasema, kwa sauti safi kabisa, kwamba wasihofu, mvua ni dakika kumi na saba tu, Chicago wanashinda nane kwa saba.



Gerishom akasema aki Marietha, miaka mia na nane tumengoja, wewe nusu saa imekushinda? Baba akaifunga kompyuta taratibu. Akaniuliza kama nimekula.

Jumapili, 6 Novemba

Baba amekuja kukaa nami kibarazani. Peke yake! Akasema besiboli ni maneno ya kujazia tu, Gerishom hana mengine. Yeye anataka kujua nilivyokua. Nani alinifungia tai siku ya kwanza ya sekondari. Bibi alipougua, nilikuwa nalala na nani. Akangoja. Akangoja sana.

Nilikuwa na ya kumwambia hadi asubuhi. Ila sikuwa nimejiandaa.

Nikajibu, "Tulikuwa salama tu, Baba."

Akatikisa kichwa. Akavuka barabara kumsalimu Mpakistani wa nyumba ya mbele. Baada ya muda nikawasikia wanacheka. Nikamuuliza shangazi wanaongea nini. Kriketi!

Nimeshaazima simu ya shangazi. Anasema mechi moja ya kriketi huweza kuchukua siku tano. Siku tano nzima, tumekaa bega kwa bega! Mimi nimebakiwa na siku kumi za viza. Naanza kesho alfajiri, na safari hii nitaandika mapema majibu yote ya maswali ya Baba.