Miti ya Bibi Mwanahamisi Imenichukulia Mke

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kitongoji,

Shikamoo. Ni mimi Paskali, mfyatua matofali wa njia ya kwenda Vuga. Sitaki ugomvi na mtu. Namtaka mke wangu.

Unajua Modesta yuko mwezi wa nne wa dawa za kifua kikuu. Muuguzi Evelina alimwambia akae mbali na moshi, apate hewa ya mitini. Nikaitikia kwa heshima, kumbe najichongea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Miparachichi ya jirani yangu, Bibi Mwanahamisi, inatoa kivuli na hewa safi kutwa nzima bila kibali cha mtu. Modesta akishameza dawa hutwaa mkeka, huyo! Kurudi ni jua likizama.

2. Amenenepa. Gauni la Pasaka halifungi. Zamani nilijua alipo kwa kikohozi; siku hizi yuko kimya hadi nimtafute.

3. Wenzake wa kliniki, Alen na Rukia, nao wamehamia hapo. Wanacheka, Mwenyekiti. Wagonjwa gani hao?

4. Anasema nyumbani hashindi mpaka niache kuchoma matofali. Hili ni tanuru la tatu tu mwaka huu, nimeliwasha juzi, na moshi unakwenda unakotaka wenyewe, mimi siuelekezi. Tena matofali ni ya kumjengea yeye! Sasa najipikia, na ugali wangu mbwa kaukataa.

Kwa hiyo naomba miti yote ikatwe, na kuni nipewe mimi nimalizie tanuru. Nyumba ikiisha na miti haipo, mwanamke atakwenda wapi? Hoja hii nimeipima sana, sioni kasoro.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote, wa kanisani na wa msikitini, isipokuwa Alen.

Wako mtiifu, mwenye njaa,
Paskali

Nyongeza: Kabla sijaileta barua, Evelina amekuja na majibu ya makohozi. Alitupima nyumba nzima, na mimi ninacho kifua kikuu. Nilidhani ni vumbi la kazi. Nimeogopa, Mwenyekiti, sikufichi. Modesta hakunisema, alinishika mkono tu, akanipeleka kwa Bibi Mwanahamisi. Tanuru nimelizima. Matofali ya katikati bado mabichi, nyumba itangoja. Miti usiiguse.