Bendi Yenu Imeniharibia Ugomvi

Barabara ya Ziwani,
Kaunti ya Tamarack, Minnesota.
19 Agosti

Kwa Bi. Lavonne Tveit,
Mwenyekiti, Kamati ya Burudani,
Maonyesho ya Kilimo ya Kaunti.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kwanza hongera kwa maonyesho. Ndama walikuwa safi, na pai ya mama yako ilistahili utepe wa kwanza, si wa pili. Baada ya hayo, ninaandika kwa masikitiko. Unanijua miaka arobaini sasa; mimi si mtu wa kulalamika. Mwaka ule mlipoegesha trekta juu ya maua ya mke wangu Marlys, nilisema "si kitu" nikaenda zangu. Lakini Jumamosi iliyopita kamati yako iliipandisha jukwaani bendi ya Pistoni wa Kaskazini, na hasara niliyoipata imenishinda kuimeza. Naieleza kwa namba ili isikupotee.

1. Tangazo lilisema "burudani tulivu kwa familia nzima." Nilijiandaa ipasavyo: kiti cha kukunja, blanketi, vizibo vya masikio na dawa ya kiungulia. Pistoni wenyewe ni mababu wanne; mmoja alipanda ngazi akishikwa mkono. Nikasema moyoni, hapa nitasinzia vizuri. Kisha mpiga ngoma akagonganisha vijiti vyake mara nne. Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kwa heshima zote, wahenga hawakuwahi kukaa safu ya nne mbele ya spika zile. Kufikia wimbo wa pili nilikuwa na miaka kumi na tisa.

2. Kijana huyo wa miaka kumi na tisa hakuuliza mwili una hali gani. Alipanda juu ya kiti, ambacho sasa kinakunjika hata pale kisipotakiwa kukunjika. Alitikisa nywele ambazo sina tangu zamani, na kofia yangu ikaruka ikampiga mke wa mchungaji. Halafu akamgeukia Marlys, mbele ya kwaya nzima ya kanisa, akamwambia, "Mrembo, umekuja na nani?" Tangu siku hiyo Marlys anacheka peke yake jikoni. Sina hakika kama hilo ni lalamiko, lakini naliandika.

3. Hapa ndipo penye uzito. Unajua, kama kaunti nzima inavyojua, kwamba mimi na kaka yangu Duane hatujasemezana kwa miaka kumi na moja. Sababu yangu ni ya haki. Alikiacha kibanda cha marehemu baba, kile cha kuvulia samaki juu ya barafu, kikae ziwani hadi Aprili, wakati kila mwenye akili timamu alikuwa ameshakivuta chake nchi kavu mapema Machi. "Barafu bado ipo, bwana, acha woga," aliniambia. Kibanda kikazama, pamoja na jiko la kuni ambalo baba alilitengeneza kwa mikono yake. Tangu hapo tumeutunza ugomvi wetu kwa adabu. Kanisani tunakaa mabenchi mawili mbali, na kwenye chakula cha pamoja baada ya ibada, sinia la viazi likipita tunapokezana kupitia kwa Marlys. Wahenga walisema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, na nyote katika kaunti mmelima bila kuchoka.

Sasa yule kijana. Yeye ana miaka kumi na tisa, na kibanda kilizama mimi nikiwa na hamsini. Habari hizo hana! Alimwona Duane kwenye meza ya jibini ya kukaanga, na alichokiona ni kaka yake tu, aliyempeleka kuwaona Pistoni kwa mara ya kwanza, wawili hao wakiwa wamejibanza nyuma ya lori la maziwa. Akakimbia, akamrukia mgongoni.

Maneno ya kwanza ya Duane kwangu baada ya miaka kumi na moja ni haya: "We Orrin, shuka! Umechizika? Nyonga hii ni ya bandia!"

Nami nikajibu, au tuseme yule kijana alijibu: "Nyamaza, kaka, wanapiga ule wetu!"

Tukaimba wote mpaka mwisho, jibini yote ikamwagika chini. Duane alilia. Mimi jasho liliniingia machoni.

4. Madhara hayakuishia hapo. Wimbo ulipokwisha, Duane alinishika bega akasema, "Mdogo wangu, kila barafu ikiyeyuka natoka na mashua na ndoano, nalitafuta lile jiko. Nilitaka nilipate kwanza, ndiyo nije kwako." Kila mwaka, Bi. Lavonne. Nilikuwa nikimwona ziwani kutoka dirishani kwangu na kusema, tazama mtu asiye na kazi. Niliumia, sikufichi. Wiki nzima nimetafuta njia ya kuendelea kumchukia mtu wa namna hiyo, na sijaiona.

Kwa hiyo naomba kamati itamke kwa maandishi kwamba mapatano ya Jumamosi ni batili, kwa kuwa mtu wa miaka kumi na tisa hana mamlaka ya kumaliza ugomvi wa mtu wa hamsini. Kuanzia mwakani, kila aliyevuka miaka hamsini ajaze fomu getini akitaja majina ya wote asiosemezana nao, ili waketishwe mbali naye. Bendi tulizozipenda ujanani zisialikwe kabisa. Waletwe wapiga kinanda ambao hakuna aliyewahi kuwapenda. Na yote yakishindikana, kamati inipatie ugomvi mwingine wa uzito uleule. Niko tayari kugombana na wewe, kama huna shughuli.

Nisalimie mumeo, mama yako, watoto, na yule ndama mwenye doa jeupe. Marlys anasema bakuli lenu bado liko kwetu. Atalirudisha likiwa na kitu ndani.

Wako katika masikitiko,
Orrin Skoglund

Nyongeza: Marlys ameisoma barua hii, akaniuliza swali moja tu: kama fomu hiyo ya getini ingekuwepo Jumamosi, Duane angeketishwa wapi? Upande wa pili wa uwanja, mbali nami. Tafadhali fomu msiichapishe, na mapatano myaache kama yalivyo. Barua yenyewe ningeichana, ila bahasha imeshabandikwa stempu. Limebaki lalamiko moja: mbona mlikawia miaka kumi na moja kuwaleta Pistoni?